Kuomba Mahakama ya Marekani Imteue Mtu wa Kupeleka Hati za Kesi Yako

Umefungua kesi, karani amegonga muhuri na kukupa namba ya jalada. Iwe ni talaka, malezi ya watoto au mwenye nyumba aliyekalia amana yako, kesi hiyo imelala mpaka upande wa pili ukabidhiwe samansi (wito wa mahakama) na nakala ya madai kwa njia inayokubalika kisheria. Mwaka 1950, katika kesi ya Mullane, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza kwamba mtu lazima apewe taarifa ya kesi kwa njia ambayo, kwa hali halisi, inatarajiwa kumfikia. Kwa hiyo kupiga picha samansi na kumrushia mdaiwa kwenye WhatsApp, hata tiki zikigeuka bluu, hakuhesabiki mpaka jaji awe ameruhusu njia ya namna hiyo.

Na kumkabidhi kwa mkono wako mwenyewe hakufai. Wanandoa wanaoachana huku bado wanaishi nyumba moja huwa wanaona jambo hili ni kichekesho: karatasi ziko mezani, mwenzako yuko jikoni, lakini huruhusiwi kumpa. Ndivyo sheria ilivyo. Mhusika wa kesi hapeleki hati za kesi yake.

Swali la kwanza ni kama unahitaji kabisa kuomba mahakama imteue mtu wa kuzipeleka. Katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu na si za jimbo, Kanuni ya 4 ya mwenendo wa madai inamruhusu mtu yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, asiye mhusika wa kesi, kupeleka hati bila kuteuliwa na jaji. California na Minnesota nazo zinamkubali mtu mzima yeyote asiye mhusika. Ukiwa huko, usijisumbue na ombi: tafuta mtu, apeleke, ajaze fomu.

Kwingine mambo ni tofauti. Massachusetts, ambako Wakenya wengi wameweka makazi maeneo ya Lowell, kazi hii ni ya sherifu (afisa wa usalama wa kaunti) na manaibu wake, au mtu mwingine aliyeruhusiwa na sheria, au mtu aliyeteuliwa na mahakama mahsusi kwa kazi hiyo. Illinois, sherifu ndiye wa kwanza kufikiriwa, ila jaji anaweza, akiombwa, kumruhusu mtu binafsi aliyetimiza miaka 18 na asiye mhusika. Texas ina wasambaza nyaraka (process servers, watu wanaolipwa kupeleka hati za kesi) wenye cheti cha jimbo. Asiye nacho anaweza kufanya kazi hiyo kwa amri ya maandishi ya jaji. Mahakama za madai madogo mara nyingi zina utaratibu wake, na baadhi hutuma samansi kwa posta zenyewe. Muulize karani kabla hujaandika chochote. Karani haruhusiwi kukushauri kisheria, lakini swali la "nani anaruhusiwa kupeleka hati katika mahakama hii, na kuna fomu?" atalijibu.

Ombi lenyewe

Watu huliogopa bure. Ni karatasi moja, mara nyingi fomu ya kujaza, na kwa kawaida jaji huamua kwa kuisoma tu bila kukuita, kwa kuwa mdaiwa bado hajaingia kwenye kesi. Juu unaandika jina la mahakama, majina ya pande zote na namba ya jalada, kama vilivyo kwenye hati ya madai. Utaliwasilisha kwa Kiingereza, ila maudhui yake yawe kama hivi:

"Mdai anaomba mahakama imteue Bw. A. B., mwenye umri wa miaka 34, kupeleka samansi na hati ya madai kwa mdaiwa. Bw. A. B. si mhusika wa kesi hii wala hana maslahi yoyote ndani yake. Ofisi ya sherifu ilikwenda kwa mdaiwa mara mbili mchana, ikarudisha hati bila kumpata. Mdaiwa anafanya kazi zamu ya usiku na mchana hafungui mlango. Bw. A. B. anamfahamu mdaiwa kwa sura na yuko tayari kwenda jioni na siku za Jumamosi."

Sentensi tatu za mwisho ndizo zinazobeba ombi. Jaji anataka kuona sababu, si malalamiko. "Sherifu ni mzembe" haimwambii kitu. "Sherifu alikwenda mchana, mdaiwa hutoka nyumbani saa kumi na mbili jioni" inamwonyesha kwa nini mtu mwingine atafanikiwa pale ofisi ilipokwama. Ambatisha ile karatasi ambayo sherifu ameirudisha ikiwa na maelezo kwamba hakumpata mtu. Ambatisha pia rasimu ya amri yenye nafasi ya tarehe na sahihi ya jaji. Wengi huisahau rasimu hiyo, kisha ombi linakaa wiki nzima likisubiri mtu wa kuiandika.

Hakimu au jaji akishasaini, chukua nakala yenye muhuri. Mteule wako aibebe pamoja na samansi.

Kama huna uwezo wa kulipa, kuna mlango mwingine. Katika mahakama ya shirikisho, aliyeruhusiwa kuendesha kesi bila kulipa ada akiomba, mahakama inalazimika kuagiza hati zake zipelekwe na U.S. Marshals (maafisa wa usalama wa mahakama za shirikisho) au na mtu iliyemteua. Utajaza fomu ya USM-285 kwa kila mdaiwa, na anwani iwe sahihi, maana hawatakufanyia upelelezi. Majimbo nayo yana msamaha wa ada, na mara nyingi unagusa pia gharama za sherifu. Amri za ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani ni habari nyingine: hizo kwa kawaida hupelekwa na polisi au sherifu bila malipo, kwa hiyo usimtafute jirani akuhatarishie maisha yake.

Umchague nani?

Sheria inasema miaka 18 na asiwe mhusika. Mimi naongeza: asiwe ndugu yako, asiwe mpenzi wako mpya, na mchungaji au imamu wa jamii yenu mwacheni apumzike. Ndugu anaweza kuruhusiwa kisheria katika majimbo mengi, lakini mdaiwa akisema "sijawahi kupewa kitu", jaji atapima maneno ya watu wawili, na mmoja wao ni shemeji yako. Msambaza nyaraka wa kulipwa hana cha kutetea. Huko New York City wenye leseni wanatakiwa hata kuweka kumbukumbu za GPS za mahali walipokwenda, baada ya miaka mingi ya watu kula viapo vya uongo kwamba walifikisha hati.

Mteule akimaliza, anaandika uthibitisho chini ya kiapo, na hapa ndipo kesi nyingi za watu wetu huanguka. Aandike tarehe, saa, anwani kamili, nani amepokea na anafananaje. Saa aiandike kwa hesabu ya Marekani: aliyefika saa tatu asubuhi aandike 9:00 a.m., maana "3:00" itageuza kiapo chote kuwa uongo. Kanuni ya shirikisho inaruhusu kumwachia hati mtu wa umri na akili za kutosha anayeishi kwenye makazi ya mdaiwa. Mgeni aliyekuja kusalimia hahesabiki. Uthibitisho huo urudi mahakamani pamoja na nakala ya amri ya uteuzi.

Mahakama za shirikisho zinatoa siku 90 tangu kufungua kesi. Ukiona zinakwisha, omba nyongeza ukieleza juhudi zako, kabla kesi haijafutwa. Kesi iliyofutwa hivyo unaweza kuifungua upya, isipokuwa kama muda wa kisheria wa kudai umeshapita.

Usichanganye ombi hili na lile la kubadilisha njia. Kama mdaiwa anajificha, mtu mpya atagonga mlango uleule usiofunguliwa. Hapo unaomba ruhusa ya kubandika mlangoni, kutuma barua pepe au kutangaza gazetini. Texas inakubali hata mitandao ya kijamii, ukileta kiapo kinachotaja ulijaribu wapi na lini.

Na kama mdaiwa amesharudi Afrika Mashariki, mteule wa Lowell hana kazi. Kuna kanuni maalumu za kupeleka hati nje ya Marekani, zinazotegemea mikataba na sheria za nchi aliyopo, na jaji anaweza kuelekeza njia nyingine isiyokatazwa na mkataba wa kimataifa. Ile hesabu ya siku 90 haihusu hati zinazopelekwa nje kwa kanuni hizo.