SOMO: Jinsi ya kufanya kazi nyuma ya kamera kwenye shutingi ya video ya muziki

Wadau, kuna watu wanatamani sana kuingia kwenye hii kazi ila wanadhani video ni dairekta na mshika kamera tu, kumbe seti, yaani eneo la kurekodia, inabebwa na watu ambao hata kwenye fremu hawaonekani. Hili somo ni la yule anayeitwa kwa mara ya kwanza kusaidia, iwe kubeba stendi, kuvuta waya, kupiga wimbo kwenye spika, chochote utakachopewa.

HATUA YA 1: Ujue wimbo
Hii ndo naiweka mbele ya zote na sitanii. Kwenye filamu watu wanafuata skripti, huku skripti ni wimbo wenyewe na maelekezo yote yanatolewa kwa wimbo. Uombe mapema, usikilize mpaka ujue ubeti wa kwanza unaisha wapi, kiitikio kinaingia dakika ya ngapi, ala zinabaki peke yake sehemu gani, halafu andika hizo dakika kwenye karatasi ubandike pembeni ya laptopu. Dairekta akisema "tunarudi mistari minne ya mwisho ubeti wa pili" wewe kidole kishafika. Na usianzie pale pale kwenye mstari, rudi nyuma sekunde kadhaa ili msanii aingie na mdundo, akishtukizwa ile midomo ya mwanzo inakuwa haijakaa sawa na wimbo.

Pia ulizia kama wimbo ulionao ndo toleo la mwisho. Prodyuza akikata au kuongeza kitu kidogo tu baada ya shutingi, mhariri atahangaika mpaka achoke.

HATUA YA 2: Maandalizi yako
Ratiba ya siku isome yote, sio muda wa kufika tu. Vaa viatu vilivyofunika vidole na nguo nyeusi, maana kwenye video kuna magari yanang'aa, miwani, vioo, na shati jeupe litaonekana humo. Beba glavu, tochi ndogo, maka peni na tepu ya kitambaa.

HATUA YA 3: Stendi, waya na umeme
Stendi ya taa yenye miguu inayopishana urefu, ule mguu mrefu zaidi uelekeze upande ambao uzito unaning'inia, na mfuko wa mchanga ukae juu ya mguu huo huo. Kama kuna mkono umetokeza, ule mshikio wa kukazia uwe kulia kwako ukisimama nyuma ya stendi, ili taa ikivuta kushuka izidi kujikaza yenyewe. Ukiweka kushoto, uzito unalegeza taratibu na taa inaweza kumshukia dansa kichwani, na huyo dansa anaruka ruka hana habari na wewe.

Waya zipitishe pembeni kando ya ukuta, zinapokatiza njia zibandike tepu. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue YOTE hata kama unahitaji mita mbili tu, ikibaki imejikunja huku inabeba taa kubwa inapata joto mpaka inayeyuka. Hesabu ni rahisi, wati gawanya kwa volti unapata ampea, kwa hiyo taa ya wati 2000 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 9, sasa ukichomeka mbili kwenye soketi ya ampea 13 usishangae giza likiingia.

HATUA YA 4: Kupiga wimbo kwa ajili ya slomo
Hapa wageni wengi wanachanganyikiwa. Ukitaka msanii aonekane anatembea polepole ila midomo iende sawa na wimbo, inabidi wimbo upigwe kwa kasi kubwa wakati wa kurekodi na yeye aimbe kwa kasi hiyo hiyo. Chukua fremu unazorekodia (zile picha moja moja kamera inazopiga kila sekunde), gawanya kwa fremu za video ya mwisho. Mkirekodi fremu 50 kwa sekunde na video ni ya 25, wimbo unapigwa mara mbili ya kasi. Andaa hayo matoleo nyumbani na uyape majina yanayoeleweka, sio unaanza kutengeneza pale watu wote wamekusimamia.

HATUA YA 5: Kadi
Kadi yenye video mlizorekodi ikitoka kwenye kamera inabandikwa tepu nyekundu hapo hapo na inaenda kwa mtu mmoja tu. Nakili kwenye diski mbili, fungua klipu kadhaa uone zinacheza, ndo kadi irudi. Hakuna kufuta kwa kukisia.

HATUA YA 6: Adabu
Wimbo haujatoka, kwa hiyo simu mfukoni, usirekodi hata sekunde moja. Una wazo? Mwambie kiongozi wa idara yako, usimfuate msanii.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, msanii wetu anarap na mara mbili ya kasi hawezi kabisa, tunafanyaje?
Jibu: Punguzeni. Rekodini fremu 30 kwa video ya 25, wimbo unakuwa asilimia 120 tu, anaweza. Au mchukue mstari mmoja mmoja. Mtumie toleo la haraka siku kadhaa kabla afanyie mazoezi.

Swali: Taa zinacheza cheza kwenye skrini ila kwa macho ziko poa, shida nini?
Jibu: Mara nyingi ni shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, haiendani na umeme. Umeme wa hezi 50 jaribu 1/50 au 1/100 ya sekunde, wa hezi 60 jaribu 1/60 au 1/120. Ikikataa, taa yenyewe ni ya hali ya chini, badilisheni au muizime.

Swali: Nimepewa mashine ya moshi, kuna la kuzingatia zaidi ya kubonyeza?
Jibu: Lipo kaka, tena kubwa. Moshi ukiwa mzito shoti hii na mwepesi ile, haziungiki. Angalia ulivyokuwa kwenye monita, ujaze, zima feni, subiri utandae ndo mrekodi. Kabla ya kuanza uliza kama kuna mtu ana pumu na kama jengo lina king'ora cha moshi. Kila mkipumzika fungua milango, msanii anaimba kwa sauti kamili humo ndani na koo linakauka.

Swali: Sina kifaa chochote, nani atanichukua?
Jibu: Vifaa ni vya kwao dada, wewe unatafutwa kwa mikono na utulivu. Jifunze kukunja waya vizuri, duara moja kawaida, linalofuata unaligeuzia ndani, ili siku nyingine ukiurusha ufunguke bila fundo. Halafu kubalianeni malipo, nauli na saa za kazi kwa maandishi kabla hujatoka nyumbani, hata kama ni meseji tu.