Kutoka sio kuondoka, ukichanganya utakosa gari

Nimechoka kuskia mtu akisema "ndio natoka" na hata viatu hajavaa, kwa hivyo wacha tuongelee hii kitu.

Kutoka inaangalia ndani na nje, kuondoka inaangalia tu pale mtu alikuwa na sasa hayuko. Jasho linatoka, jino linatoka, rangi ya shati inatoka ukifua vibaya, na hapo kote kuondoka haiingii. (Kutokelezea ni mambo ya kuvaa poa, hiyo tuiwache.)

Sasa umeenda ofisi fulani na fomu yako, karani anakwambia "mkubwa ametoka". Wewe keti, pengine ameenda chai. Akisema "ameondoka" beba fomu urudi kesho, usibishane. Steji ya Kisumu pia ni hivyo hivyo, ukiskia gari ya Busia "imetoka" unaeza ruka kwa boda uipate ikiweka mafuta hapo mbele, lakini ikiwa "imeondoka" tafuta ingine. Makanga naye ana sarufi yake, "tunatoka sasa hivi, wawili tu" na ukiingia unapata ni wewe na dere.

Ukiwa Nakuru useme "natoka Kakamega" watu hawajui kama ni kwenu ama ni safari, so malizia: "mimi ni wa Kakamega" ama "nimetoka Kakamega leo asubuhi".

Penye watu huumia ni hapa. Kwa grupu yetu ya chama mtu aliandika "mweka hazina ametutoka", kumbe alimaanisha jamaa amejitoa kwa grupu, na kabla chai ipoe watu washaanza kuuliza mchango unatumwa namba gani, shemeji yake anapiga simu akilia na mwenyewe ndio anashika. Mtu akiwatoka watu hayo ni matanga. Jina likikutoka umesahau tu. Na "ameondokewa" ni amefiwa, usiandike ukimaanisha ameachwa na gari.

Amri nayo chunga. "Toka!" ni ya kuku ameingia jikoni, mtu mzima unamwambia "tupishe kidogo". Na ukiwa kwa mama mkwe usiseme "naondoka" kavu kavu, sema "mama, naomba nirudi, giza linaingia". Atakwambia hujakunywa chai, na hapo hujatoka wala hujaondoka.