Unapogawa vitu vya nyumbani, taja kasoro na siku ya mwisho

Jirani aliyekuwa akihama nyumba amenifundisha njia ya kugawa vitu ambavyo havihitajiki tena bila kumbana ndugu wala rafiki. Badala ya kumpigia mtu mmoja na kumuuliza kama anataka kabati, tuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, ukitaja vipimo kwa sentimita, kasoro iliyopo, nani atalipia usafiri, na siku ambayo kitu kitapelekwa kwingine iwapo hakuna atakayejibu. Siku hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mtu anayeulizwa peke yake, hasa akiulizwa na mkubwa wake, huona haya kukataa, hivyo hupokea kitu kitakachoishia kujaza stoo yake. Lakini penye siku ya mwisho, kunyamaza kunatosha kuwa jibu, na hakuna anayevunjiwa heshima. Kasoro nayo itajwe waziwazi, kwa kuwa friji isiyogandisha ikipokelewa kama nzima humtia aliyepewa gharama ya fundi na pia kinyongo. Njia hii haifai kwa kitu kinachoweza kugombewa, kama cherehani ya marehemu mama, ambacho ni lazima kizungumzwe kwanza katika kikao cha familia. Wala haifai kwa ndugu mwenye dhiki, ambaye hatapenda kuomba godoro mbele ya wote. Huyo mpigie faraghani, kisha umpelekee mwenyewe. Mashuka na mapazia yafuliwe kabla ya kupigwa picha.