Namna ya kumpima mrushaji wa akiba kwa wastani wa ligi

Shemeji yangu ni shabiki damu damu wa Yankees, timu ya besiboli ya New York. Mtajie Mariano Rivera, mrushaji wao wa akiba (yaani anayeingia kumpokea aliyeanza mechi), atakujibu kwa namba moja: 652. Hizo ni sevu, yaani mara alizoingia mwishoni timu ikiongoza kwa tofauti ndogo, akaulinda ushindi. Ni rekodi, sibishi. Ila ukitaka kumpima mtu na wenzake, sevu ziweke kando, maana zinategemea sana kocha amekuita wakati gani. Mimi kazi yangu ni kutunza hesabu za watu, kwa hiyo naanzia kwenye ERA: mikimbio (pointi) anayofungwa mrushaji kwa kila iningi 9, yaani vipindi 9 vya mechi ya kawaida, ukiondoa ile iliyoletwa na makosa ya walinzi.

Usichukue ERA za kila mwaka ukazigawanya kwa idadi ya miaka. Mwaka 1995 Rivera alikuwa mgeni, ERA yake 5.51. Mwaka 2012 aliumia goti, akaishia kurusha iningi 8 na theluthi. Miaka kama hiyo haiwezi kuwa na uzito sawa na 1996, aliporusha zaidi ya 107. Chukua jumla yote: mikimbio 315, iningi 1,283.2. Hiyo nukta angalia sana! Ile .2 ni theluthi mbili, kwa sababu iningi hufungwa kwa kutoa watu watatu. Kwenye kikokotoo andika 1283.667. Sasa 315 mara 9, gawanya kwa hiyo, unapata 2.21.

Wastani wa ligi nao una utaratibu wake. Besiboli ya Marekani ina ligi mbili, American na National. Rivera alicheza American League tu, basi chukua ya huko. National League enzi hizo warushaji, ambao kwa kawaida si wapigaji wazuri, walishika gongo wenyewe, na mikimbio ilikuwa michache. Wastani wa kila mwaka uzidishe kwa iningi alizorusha mwaka huo, jumlisha, kisha gawanya kwa iningi zake zote. Mwaka 2000 pekee American League ilikuwa na 4.91, ndiyo maana 2.21 ni kitu kingine kabisa.

Mwisho gawanya wastani wa ligi kwa ERA yake, zidisha kwa 100. Mia ni mtu wa kawaida. Tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference, wanaorekebisha pia tofauti za viwanja, wanampa Rivera 205. Utamu wa kipimo hiki utauona kwa warushaji wengine wa akiba, Hoyt Wilhelm na Trevor Hoffman. Wilhelm, aliyeanza 1952, ana ERA 2.52, Hoffman ana 2.87. Unaweza kudhani wameachana mbali, lakini ukipima kila mmoja kwa enzi yake ni 147 kwa 141.

Usiishie kwenye ERA. Kwa kila iningi 9, Rivera aliwatoa wapigaji 8.2 kwa straiki tatu. Timu ya kawaida ilifikisha kama 6.5 kwa mechi katikati ya miaka ya 1990, na 7.5 hivi mwaka 2013. Amewazidi, lakini si kwa kutisha. Siri iko kwingine: alitoa beisi za bure (anazopewa mpigaji akirushiwa mipira minne mibaya) 2.0 tu wakati ligi ilikuwa juu ya 3, na homurani alizopigwa, yaani mipira inayopigwa hadi jukwaani, zilikuwa nusu wakati ligi ilizidi moja. Mpira wake wa kukata, unaopinda ghafla mwishoni, ulivunja magongo, na gongo lililovunjika halipeleki mpira jukwaani.

Kuna upendeleo mmoja wa kuuondoa. Warushaji wa akiba, kwa kawaida, wana ERA nzuri kuliko wanaoanza mechi: wanarusha kwa nguvu zote iningi moja, wanapumzika. Ukiweza, tafuta wastani wa wa akiba peke yao. Halafu fungua safu ya wakimbiaji aliowakuta kwenye beisi. Akiingia akakuta wawili, akapigwa mara moja wote wakafika nyumbani, mikimbio hiyo inaandikwa kwa yule aliyetoka. Yeye ERA yake haiguswi.