Kabla hujakoroga ashwagandha kwenye maziwa
Jamani wa Tanga, huu unga wa mzizi wa Kihindi unaosifiwa sana Ngamiani kwamba unaleta usingizi, unaweza kuuleta hata mchana. Usinywe halafu ukaendesha bodaboda. Tumbo nalo huvurugika, wengine huharisha. Mjamzito asiuguse kabisa. Kama unameza dawa za kisukari, presha au tezi ya shingo, muulize daktari kwanza. Sukari au presha yaweza kushuka kupita kiasi. Mimi nilifungiwa unga huo kwenye kipande cha gazeti, hakina jina wala kipimo. Nilikitupa, elfu tatu zangu zikaenda. Macho yakiingia umanjano, au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha hapo hapo ukapime ini.