Meja mbili zisizohusiana: piga hesabu kwanza kabla hujajaza fomu

Uko chuo Marekani unasoma kompyuta sayansi, halafu historia nayo inakuvuta, unajiuliza ubebe zote mbili kama meja (somo kuu la digrii) au vipi. Swali la kupenda weka pembeni kwanza, kupenda unapenda ndo maana unasoma hapa. Kinachoamua ni ratiba.

Digrii ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti (pointi za kozi) 120 hivi, kozi moja 3 au 4. Historia inakula 30 na kitu, kompyuta inaweza kupita 50 ukiweka na hisabati zake, bado zile kozi za lazima kwa kila mtu. Meja zikiwa ndugu, mfano uchumi na hisabati, kuna kozi zinahesabika pande zote. Zako hazina undugu, ila kozi za historia mara nyingi zinaziba zile za lazima, hapo ndo pa kuponea.

Sasa fungua Excel, chora safu 8, kila semista na yake. Usianze na kozi tamu, anza na zenye mnyororo: kozi ya algorithimu huigusi mpaka umalize kozi mbili za mwanzo za programu na hisabati yake, ukichelewa semista moja mlolongo wote unasogea. Halafu angalia kozi zinazotolewa mara moja kwa mwaka, maana semina ya mwaka wa nne ya historia ikiangukia Jumanne mchana na maabara yako iko Jumanne mchana, hapo hakuna advaiza (mshauri wa masomo) wa kukuokoa. Ukiona semista tatu zina kozi sita sita, acha meja mbili. Na kama skolashipu yako ni ya semista 8, ya tisa nani analipa?

Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) ana hesabu nyingine. OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako Marekani, wengi huitumia baada ya kuhitimu) ni miezi 12, kompyuta inakuongezea 24 kwa sababu ni STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), historia peke yake haikuongezei kitu. Kwa hiyo kompyuta usiiachie kirahisi, historia ndo ya kupima kama ibaki meja au iwe maina (somo dogo la pembeni), krediti 15 mpaka 20 tu. Mimi kwa wengi ningesema maina (na mjomba nyumbani atauliza historia ya nini, usibishane naye).

Meja kamili ina maana kama unataka kwenda masta ya historia, au unataka kuandika tasnifu na profesa fulani. Kama bado hujui, vyuo vingi vinakupa mpaka mwisho wa mwaka wa pili kutangaza meja, chukua kozi mbili za kila upande uone. Na ukiitangaza ikakushinda, unaiondoa kwa fomu, kozi ulizofaulu zinabaki kwenye transkripti.