Motoka ya zamani hapa Lubumbashi: uitengeneze ao uiuze mitrayi (chuma chakavu)? Angalia hivi kwanza

Watu wanasema Leta (serikali) ilazimishe kila mtu atupe motoka ya zamani, sawa, lakini nani atalipa? Ujerumani 2009 walitoa euro 2,500 kwa gari ya kuanzia miaka 9, Marekani mwaka ule ule dola 3,500 ao 4,500, na moteri ikamwagiwa dawa mpaka ikashikana isirudi tena barabarani. Huku ukilazimishwa bila franga hata moja, mwenye taksi ya Katuba atakula nini? Mimi naona wapime moshi na frano (breki), waache mambo ya mwaka. Basi pima mwenyewe mbele hawajakuja.

Asubuhi, moteri bado baridi, ita mtu awashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu, inakula mafuta ya moteri, na hapo matengenezo ni bei kweli. Mweusi, esansi ao mazutu inaingia mingi kuliko hewa, lakini usikimbilie injekteri hata fundi akikusukuma, fungua kwanza filtre ya hewa, juu kiangazi vumbi letu jekundu linaijaza haraka, igonge chini kidogo utaona udongo unamwagika. Mweupe kidogo ni mvuke tu, ukiendelea hata moteri ikishapata moto na maji ya radiateri yanapungua, jointi ya kilasi hiyo (ile ya kuziba kichwa cha moteri), simamisha gari.

Fundi akisema toa katalizeri (ile ya kusafisha moshi kwenye bomba) ili moteri ipumue, kataa. Mule mna platini na paladi, madini ya bei, ndiyo maana anaitaka.

Frano: kanyaga pedali ushikilie. Ikishuka polepole mpaka chini, mafuta yanavuja ao masta silinda imekwisha. Pine soma namba 4 za mwisho pembeni, 2318 ni kusema ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2018.

Sasa ingia chini na turnavisi (bisibisi), choma shasi penye kutu. Ikipenya, usidanganyike na rangi mpya, hiyo ndiyo ya mitrayi hata kama moteri inaimba. Ila usiipeleke nzima: uza kwanza moteri, alternateri, milango, ndiyo mabaki yapimwe kilo. Mafuta machafu na maji ya batri usimwage karibu na kisima. Pleki na kati roze (karatasi ya motoka) baki nazo wewe, usimwachie mnunuzi.